Mawe ya Mama Gau na Puli Nyekundu

Inaongeza. Natanguliza jibu kabisa, msije mkasema mzee amewapiga danadana. Ile puli ya aluminiamu, nyepesi, yenye rangi za kuvutia, mnayoiona kwenye simu zenu, ukiifunga kwenye injini badala ya puli nzito iliyotoka kiwandani, gari linaongezeka nguvu. Kidogo, lakini linaongezeka. Kama ni hilo tu mlilokuwa mnalitaka, haya, fungueni boneti mfanye mnavyotaka, mimi nirudi kwenye jua langu.

Lakini juzi mlipokuja kunisalimia nyumbani Kizwite, wanne mmevaa ovaroli safi kuliko suruali yangu ya kanisani, mkaniwekea simu mbele ya macho na kuniuliza, "Mzee, hizi puli zikoje?", nilinyamaza. Mkadhani sijui. Mmoja wenu akanong'ona kwamba wazee wa zamani walizoea malori tu. Nilisikia. Masikio ndiyo spana yangu ya kwanza na hayajachakaa bado.

Nilinyamaza kwa sababu jibu lina mama mmoja ndani yake, na mama yule hasimuliwi mlangoni watu wakiwa wamesimama. Sasa nimekaa, nimevaa sweta, nimeandika. Nimefundishwa na mafundi wakali na nimefanya kazi na wachongaji vyuma ambao ukiwapa kipande cha reli wanakutolea gia. Wote nawaheshimu. Ila mtu ninayemvulia kofia kuliko wote katika kazi ya magari hajawahi kushika spana maishani mwake. Anauza samaki.

Twende polepole, maana kati yenu kuna aliyetoka chuo na kuna aliyeingia gereji mwezi uliopita. Mbele ya injini, chini, kuna gurudumu la chuma lililofungwa kwenye ncha ya kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Hiyo ndiyo puli kubwa. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, inavuta mkanda, na mkanda unawazungusha wasaidizi wote: wotapampu inayosukuma maji ya kupoza injini, altaneta inayochaji betri, pampu ya steringi, na kompresa ya kiyoyozi kwa wenye nacho, ingawa mtu wa Sumbawanga sijui kiyoyozi anakitakia nini. Wasaidizi hawa hawafanyi kazi bure. Kila mmoja anakula nguvu ya injini kidogo. Ni kama mama anayelima amebeba mtoto mgongoni, analima vizuri tu, lakini uzito wa mtoto upo.

Aliyebuni puli ya kuongeza nguvu alifikiri hivi. Nikiifanya ndogo kidogo, mkanda utakwenda taratibu, wasaidizi watazunguka taratibu, watakula kidogo, na kitakachobaki kitakwenda kwenye matairi. Nikiifanya nyepesi, injini itapanda mzunguko haraka. Hesabu yake ni sahihi na simdharau hata kidogo. Ila wotapampu nayo ni mmoja wa wasaidizi. Ukiipunguzia mwendo, maji nayo yanapungua mwendo. Hilo nalijua leo, na siku ile nililijua pia, ndiyo maana mpaka sasa linaniuma.

Aliyenilea kazini ni Mzee Polikarpo, marehemu sasa, fundi mfupi mwenye hasira fupi vilevile, aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya mapadre. Mwaka wangu wa kwanza nilikaza mkanda wa lori mpaka ukawa unalia ukiugusa, nikajiona fundi kamili. Mzee akaubonyeza kwa kidole gumba, pale kwenye nafasi ndefu kati ya puli na puli, akanitazama, akaondoka bila kusema kitu. Wiki ya pili lori likarudi altaneta inasaga beringi. Akanipa zile beringi zilizokufa nikae nazo mfukoni, na nilikaa nazo mwezi mzima. Hata kanisani nikitafuta sadaka nazikuta. Tangu hapo mkanda naukaza kwa gumba: ubonyee kidogo, usilegee, usilie.

Mkanda ukilegea nao una visa vyake. Dreva mmoja mgeni alikuja na gari linalopiga yowe kila asubuhi akiliwasha, jua likipanda linanyamaza. Akawa hataki tena kulala mji huu, eti Sumbawanga anaijua kwa sifa zake za uchawi, na gari limeshachezewa. Mzee Polikarpo akapangusa unyevu wa ukungu kwenye mkanda, akaukaza kidogo, yowe likaisha. Yule dreva alimtazama Mzee kwa woga zaidi kuliko alivyolitazama gari.

Sheria kubwa ya Mzee ilikuwa moja. Gari ulilolitengeneza humrudishii mwenyewe mpaka umelijaribu kwenye kazi yake. Lori la mahindi unalijaribu na mahindi juu. Gari la padri unalipeleka kwenye njia za vigango vyake, na mashimo yake yote. Alisema pale gereji gari haliumwi, linaumwa likiwa safarini, kwa hiyo mfuate mgonjwa huko huko. Niliifuata sheria hiyo miaka mingi sana. Halafu nikazeeka, nikasifiwa, nikaanza kuiona ni sheria ya mafundi wasiojiamini.

Hapo ndipo anaingia Mama Gaudensia, ambaye soko zima linamwita Mama Gau. Ni mzaliwa wa Mollo, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiye na haraka ya kucheka. Alianza kuuza migebuka na dagaa wa Kasanga akiwa msichana, anapanda juu ya malori ya watu na ndoo zake, anyeshewe, apigwe na upepo, ashushwe njiani dreva akipata mzigo bora. Baada ya miaka yote hiyo akanunua pikapu ya petroli, kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya uji, akajifunza kuendesha watoto wake wakiwa tayari watu wazima. Pikapu ile ndiyo ilikuwa uhai wake. Ikifa, anarudi juu ya malori. Alinieleza hivyo waziwazi siku ya kwanza aliponiletea, na hakuna siku niliyoinua boneti ile bila kulikumbuka neno hilo.

Nanyi mnajua biashara ya Kasanga ilivyo. Samaki wanavuliwa usiku, asubuhi wanapakiwa na barafu, halafu kuna kupanda. Kutoka ziwani mpaka kwetu huku juu ni mlima juu ya mlima, na kule chini kuna joto ambalo sisi wa Ufipa tunalisikia tu kwa kusimuliwa. Anayefika sokoni wa kwanza anauza migebuka ingali inang'aa. Wa mwisho anakaanga au anatia chumvi. Mama Gau alikuwa wa mwisho karibu kila siku. Pikapu yake ilipanda kwa kusikitisha, wenzake wanampita kwenye kona wakimpigia honi.

Basi asubuhi moja akaja gereji na kitu amekifunga kwenye khanga. Kufungua, puli. Nyekundu, inang'aa, nyepesi kama kikombe cha bati. Kuna mchuuzi wa spea alikuwa amepita mjini na mzigo wake, akamhakikishia kwamba akifunga ile atapanda mlima kama gari tupu.

"Shikamoo, Fundi," akasema. "Hii itanipandisha?"

Vijana, pale palihitaji neno moja tu: sijui. Sikuwa nimewahi kufunga puli ya aina ile. Lakini gereji ilikuwa imejaa, na shemeji yangu Ozwadi, mwenye kigari cha abiria cha kwenda Kasanga, alikuwa amekaa juu ya tairi ananitazama. Fundi mzima, mvi kichwani, niseme sijui mbele ya shemeji? Nikaigeuzageuza ile puli kama mtu aliyezaliwa nayo, nikaipiga kwa ukucha nisikie sauti yake, upuuzi mtupu, na ulimi ukanitangulia.

"Mama," nikamwambia, "utawaacha wote."

Nikafunga. Kazi niliifanya kwa usafi, hilo sijisuti. Nilipangusa ncha ya kranki, nikakaza boliti inavyotakiwa, na kwa kuwa puli ni ndogo mkanda wa zamani ukawa mrefu, nikatafuta mfupi wake. Puli ya zamani niliitupa kwenye vyuma chakavu. Niliona katikati yake kuna pete ya mpira, nikacheka, nikasema kiwanda kilipungukiwa chuma kikajazia mpira. Mama Gau akaenda mwenyewe kwenye vyuma chakavu, akaiokota, akaipangusa, akaifunga kwenye khanga ile ile pamoja na mkanda wake. Akasema, "Hii ni ya kwangu, Fundi. Nitaiweka."

Halafu nikaenda kujaribu. Ilikuwa Julai, asubuhi, upepo ule wetu unaopita kwenye sweta kama sweta ni chandarua. Gari tupu, barabara tambarare, lami. Jamani, lilikwenda! Ukigusa mafuta linaitika. Nilirudi nimejaa sifa, nikamkabidhi Mama Gau funguo mbele ya watu, na Ozwadi akainuka kwenye tairi akasema anataka yake siku hiyo hiyo. Mchuuzi alikuwa hajaondoka. Jioni shemeji naye alikuwa na puli nyekundu, na mimi nilijisifu njia nzima hadi nyumbani.

Baada ya wiki Mama Gau akarudi. Hakuja kushukuru wala kulalamika. Aliniita niingie upande wa abiria, akanionyesha mshale wa joto kwenye dashibodi. Juu ya kioo chake alikuwa amebandika kipande chembamba cha plasta ya kidonda. Akanieleza kwamba plasta aliibandika zamani, kabla ya puli, mahali ambapo mshale ulikuwa ukifika akiwa juu kabisa ya mlima. Sasa kwenye tambarare kweli gari ni jepesi, na kwenye mlima anawahi dakika chache. Lakini mshale unaivuka plasta. Na steringi inamwasha viganja, kama mtu aliyelalia mkono.

Nilimjibuje? Nilimwambia, "Mama, wewe uza samaki, injini niachie mimi."

Naandika haya ili myasome, maana nyinyi nanyi mtayasema siku moja. Hakukasirika. Aliniomba tu nimrudishie puli ya zamani kwa siku tatu, kisha nimfungie nyekundu tena kwa siku tatu. Nikaona huyu mama amepata kazi ya kunichosha. Nikafunga, nikafungua, nikafunga, huku nimevimba.

Ni siku ya mwisho ya zile za puli nyekundu nilipoona mawe. Nilikuwa naangalia taa ya nyuma, nikakuta kwenye bodi ya pikapu, pembeni ya makreti matupu, gunia la mawe ya ufukweni, yale laini ya mviringo yaliyosuguliwa na maji. Nikamuuliza kwa kumtania kama samaki wameisha ziwani ameanza kuuza mawe. Akajibu bila kucheka. Akasema siku nyingine samaki ni wengi, siku nyingine wachache, na gari lenye mzigo mdogo litapanda haraka hata likifungwa puli ya udongo. Kwa hiyo kila asubuhi pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, alipima mzigo kwenye mizani ya samaki, na upungufu akaujaza kwa mawe. Uzito ule ule, saa ile ile ya kuondoka, gia ile ile kwenye kona ile ile. Mafuta alijaza kituo kimoja. Siku yenye mawingu hakuihesabu. Siku za puli ya zamani mshale haukuivuka plasta hata mara moja, siku za nyekundu uliivuka kila siku.

Nikaiweka taa chini. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema dagaa. Zamani watu walibishana kama dagaa wanaoanikwa kwenye chanja ni bora kuliko wa mchangani, kila mtu na lake. Yeye alichukua dagaa wa mtumbwi mmoja, asubuhi moja, nusu akaanika juu na nusu chini, hatua mbili kutoka hawa hadi wale. Jioni alijua. Hakubishana na mtu tena.

"Fundi," akasema, "nikibadilisha vitu viwili kwa pamoja, nitajuaje kipi kimenisaidia?"

Mimi niliyezeekea kwenye injini nikaanza kujikagua. Miaka yangu yote gari likija halina nguvu nilikuwa nabadilisha plagi, nasafisha filta, namwaga oili, yote asubuhi moja, na likipona nasema ni mkono wangu. Kumbe mengi niliyoyaita ujuzi ilikuwa bahati. Nikawa kama namwona marehemu Mzee Polikarpo amesimama nyuma ya yule mama ananitazama bila kusema kitu, vilevile kama siku ya mkanda wa lori.

Mama Gau akanitaka kesho yake tuteremke wote Kasanga, puli nyekundu ikiwa bado imefungwa. Nikakubali. Nilichukua spana zangu, nikavaa sweta. Ndiyo, sweta, Kasanga. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimelivua nimejifunga kiunoni, saa nne shati limenigandia mgongoni, na wachuuzi pale mwaloni wananiuliza kama nimetoka Ulaya. Joto lile linakukaa kifuani. Nilipoweka mkono kwenye boneti ya pikapu iliyosimama tu juani, nikauondoa. Hapo nikaanza kuelewa. Gari lile nililijaribu kwenye baridi, tupu, njia nyoofu. Kazi yake ilikuwa huku.

Tulipakia migebuka na barafu, tukapima, tukaongeza mawe sita. Tukaanza kupanda. Gia ya pili, injini inanguruma chini, mwendo wa kutembea. Na hapo ndipo puli ndogo inapokuua: injini inafanya kazi kubwa, inatoa moto mwingi, lakini mzunguko ni mdogo, na wotapampu ambayo tayari umeipunguzia mwendo inasukuma maji kama mtu anayechota kwa kijiko. Upepo wa kupoza rejeta haupo, maana gari halikimbii. Niliutazama mshale ukifika kwenye plasta. Ukaigusa, ukaivuka. Viganja vya Mama Gau vilikuwa vinatetemeka kwenye steringi, na haikuwa woga.

Alikuwa ameshajipangia. Mshale ukivuka plasta upana wa kucha, anasimama, hata kama anakiona kilele. Akaweka gari pembeni mahali tambarare. Wenzake wakatupita, wawili, watatu, honi kama harusi. Yeye hakuwatazama. Alishuka akalizunguka gari akigusa gurudumu moja moja kwa kiganja, kama anayekagua ng'ombe. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema hufanya hivyo kila akisimama, na kwamba la nyuma upande wa dreva siku zote lina moto kuliko wenzake, alidhani ndivyo magari yalivyo. Nikalishika. Lilikuwa linaunguza. Nikalitia akilini, maana wakati ule ule nilisikia gari lingine linapanda.

Nilijua sauti ile kabla sijaliona. Ozwadi, kigari kimejaa abiria, magunia juu, na puli yangu nyekundu mbele. Halafu nikakumbuka jambo lililonipoza jasho lote: mshale wa joto wa gari la shemeji ulikufa kitambo. Mimi mwenyewe nilimwambia hauna haja ya kutengenezwa, gari halijawahi kuchemsha. Hana plasta wala mshale, na ana abiria nyuma yake.

Nikatoka nikasimama katikati ya barabara, mikono juu. Ozwadi akafunga breki ananiuliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamwambia azime na asiguse kifuniko cha rejeta. Kufungua boneti, paipu ya juu imevimba, na maji yanagugumia ndani ya rejeta kama sufuria ya maharage. Ile ilikuwa kona mbili tatu kabla hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, haijapinda. Ozwadi akaruka kwenye barafu ya Mama Gau achote maji amwagie injini, nikamshika mkono. Kumbukeni hili hata mkisahau mengine: maji baridi kwenye injini inayochemka yanapasua chuma. Iacheni ipoe yenyewe.

Abiria walishuka wakakaa kwenye majani. Bibi mmoja mwenye kikapu cha kuku akauliza kwa sauti, na kwa haki kabisa, kwamba gari lilikuwa zima juzi, sasa nani ameliharibu. Ozwadi akafungua mdomo anitetee. Shemeji yangu ni mtu mwema, angesema ni joto, angesema ni barabara. Nami ningeweza kumwacha aseme. Nilikuwa na mvi, nilikuwa na jina, na Mama Gau alikuwa amegeuka anatazama ziwa kule chini, amenipa nafasi.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Nilifunga kitu nisichokijua, nikakijaribu mahali pasipo pake, nikakisifu. Nilikosea. La gari hili na la yule mama, yote mawili."

Yule bibi akasema basi nimshikie kuku wake anyooshe miguu. Nikawashika. Nilisimama na kuku mkononi karibu saa nzima.

Injini zilipopoa tuliongeza maji kidogo kidogo, tukapanda taratibu tukiwa na hita zimefunguliwa mpaka mwisho. Msishangae. Hita ya ndani ni rejeta ndogo ya pili, inapunguzia injini moto. Hita ile tunayoiwasha Julai tukitetemeka, siku ile iliwashwa kwenye jua la saa sita, madirisha wazi, abiria wa Ozwadi wanajipepea kwa vitambaa huku wakicheka na kulaani. Tulifika sokoni wa mwisho kabisa. Migebuka ya siku ile ilitiwa chumvi yote. Nilimwomba Mama Gau msamaha nikiwa nimesimama kando ya makreti. Alikuwa anapasua samaki, hakuinua kichwa.

"Fundi," akasema, "leo ndiyo umelijaribu gari."

Kesho yake nilirudisha puli zote mbili za zamani. Ya Ozwadi ilibidi niitafute kwenye vyuma chakavu nilikoitupa, ya Mama Gau ilitoka kwenye khanga imepakwa mafuta. Rafiki yangu mchongaji vyuma ndiye aliyenieleza habari ya ile pete ya mpira niliyoicheka. Kranki haizunguki kwa utulivu kama tunavyodhani. Kila silinda ikipiga, inajipinda na kurudi, kidogo sana, na ule mpira unameza mtikisiko huo. Ukiweka puli ngumu isiyo na mpira kwenye injini iliyoumbwa kuwa nao, mtikisiko unabaki kwenye kranki na beringi zake mpaka kitu kikatike. Mama wa watu aliusikia kwa viganja wiki ya kwanza. Si kila gari lina mpira huo, mengine puli yake ni chuma kitupu tangu kiwandani, kwa hiyo lijueni gari lililo mbele yenu kabla ya kufungua.

Na lile gurudumu la moto? Kebo ya breki ya mkono ilikuwa imeshikwa na kutu na matope, breki haiachii yote. Mama Gau alikuwa akipanda mlima ule siku zote huku breki inamrudisha nyuma. Nililegeza, nikasafisha, nikapaka grisi, nikaacha kila kitu kingine kama kilivyo, maana sasa nilikuwa na mwalimu. Aliteremka na mawe yake, akapanda. Mshale ulibaki chini ya plasta, na muda aliookoa ulikuwa mkubwa kuliko ule wa puli nyekundu. Siku hiyo alifika sokoni wa pili. Wiki iliyofuata, wa kwanza, na niliambiwa alipowapita wenzake kwenye kona hakupiga honi.

Kwa hiyo inaongeza, nimesema tangu mwanzo. Mtu mwenye gari jepesi, njia tambarare, anayependa injini iitike haraka, na puli aliyoipima kwa gari lake, afunge kwa raha zake. Lakini kabla hujamwuzia mtu nguvu mpya, tafuta kwanza nguvu yake ya zamani imekwamia wapi. Shika magurudumu. Tazama filta, upepo wa matairi, mkanda wenyewe. Na mshale wa joto uliokufa tengeneza leo, usiwe kama mimi.

Nilipoacha kazi, watu walileta zawadi. Mama Gau, ambaye pikapu yake ya rangi ya uji ingali inapanda mpaka leo, aliniletea mgebuka mkubwa na jiwe moja kutoka kwenye lile gunia. Mgebuka uliliwa na wageni. Jiwe liko mlangoni kwangu, linazuia mlango usipigwe na upepo, na juzi mmoja wenu alijikwaa nalo.

Ni yule aliyenong'ona habari za malori. Sasa sikiliza, mwanangu. Siku ukifunga puli yako nyekundu, njoo ulichukue hilo jiwe. Jaza na mzigo mwingine, uteremke Kasanga jua likiwa kali, upande. Ukifika juu usiniambie lilikwendaje. Niambie mshale ulisimama wapi. Ukiwa unajua, jiwe ni lako. Kama hukutazama, lirudishe mlangoni taratibu, na usalimie Mama Gau ukipita sokoni.